Vijia vya Hayfield havikutolewa kwa hisani

Mgeni afikaye Hayfield, kijiji kilichoko Derbyshire nchini Uingereza, huviona vijia vikipita kati ya malisho ya kondoo na kuta za mawe hadi mlima wa Kinder Scout. Yamkini akadhani kwamba hiyo ni hisani ya wenye ardhi. La hasha!

Mnamo Aprili 24, 1932, vijana wapatao 400, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester, walianzia kijijini hapo kuupanda mlima huo, ambao umma ulikuwa umekatazwa kuukanyaga ili matajiri wawinde ndege. Walinzi wenye fimbo walijaribu kuwazuia. Hatimaye vijana watano walifungwa gerezani, akiwemo kiongozi wao, Benny Rothman, aliyekuwa na umri wa miaka 20 siku ya kuupanda mlima huo.

Jela haikuizima hoja yao. Sheria ya mwaka 1949 iliyaagiza mabaraza ya kaunti kuziandika njia zote za umma katika ramani rasmi. Njia iliyomo humo, hata ikipita katikati ya ngano, mwenye shamba hana ruhusa ya kuiziba. Mnamo 1951 eneo hilo, Peak District, likawa mbuga ya taifa ya kwanza nchini humo. Sheria ya mwaka 2000 nayo ikawafungulia watembeaji milima na nyika zisizolimwa.

Mwalimu afundishaye uraia ana mfano bora hapa. Ujasiri uliifungua njia. Maandishi ndiyo yanayoilinda hata leo, ambapo wengi wa walioidai wamekwisha kufariki.