Ujuzi wa Kuazima: Mashine ya Ushuru, Wakala na Mbalamwezi

Msafiri atokaye Bunda kwenda Ukerewe hufika Kisorya, katika eneo la Mwibara, akakuta Ziwa Viktoria limemkatia njia. Hapo hungoja kivuko cha kumvusha hadi Rugezi. Katika mialo ya ukanda huu dagaa hushushwa alfajiri, huanikwa, kisha hufungwa katika magunia. Kabla mzigo haujaondoka, ushuru wa halmashauri hudaiwa. Mkusanyaji hubonyeza tarakimu katika mashine ndogo ya mkononi, nayo hutoa kipande cha karatasi.

Mashine hiyo, ambayo wengi huiita posi, ni kompyuta ndogo yenye betri, laini ya simu na kichapishi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba kichapishi chake hakina wino. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali mbili: rangi ambayo bado haionekani, na asidi dhaifu. Sehemu ya kichapishi inapopata moto, kemikali hizo huyeyuka na kukutana, na nukta nyeusi hutokea. Kwa sababu hiyo stakabadhi iliyoachwa juani, au iliyoshikwa kwa vidole vyenye mafuta ya samaki, hufifia upesi. Kumbukumbu ya kutegemewa, basi, ni ile inayosafiri kwa mtandao wa simu hadi kompyuta kuu. Mtandao ukikosekana, mashine huihifadhi na kuituma baadaye. Hapo ndipo penye mwanya. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara nyingi mashine zilizokaa nje ya mtandao, na fedha zilizokusanywa lakini zisifikishwe benki.

Je, mashine hii hushikwa na nani? Tangu miaka ya 1990 halmashauri nyingi za Tanzania zimekabidhi baadhi ya ushuru kwa mawakala wa mkataba. Kazi za kutengeneza programu, kufunga mitambo na kuingiza takwimu nazo aghalabu hupewa watu wa muda. Sababu yake si ya kubezwa: kufunga mfumo ni kazi ya miezi michache, na halmashauri ya vijijini haiwezi kuajiri daima kila fundi inayemhitaji mara moja.

Hata hivyo ujuzi wa kuazima una historia yake nchini. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta katikati ya miaka ya 1960, wakati wajuzi wazalendo wa chombo hicho walikuwa wachache mno. Hesabu zilipovurugika mwanzoni mwa miaka ya 1970, Serikali ililazimika kurudia mashine za zamani, na mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku hayo yalikuja kulegezwa polepole. Lawama ilikiangukia chombo, ingawa upungufu mkubwa ulikuwa wa watu wa kukiendesha.

Katika uwakala wa ushuru upungufu huo una sura nyingine. Mwaka 2009 watafiti wa REPOA ya Dar es Salaam, pamoja na Taasisi ya Chr. Michelsen ya Norway, walichapisha uchunguzi wao juu ya halmashauri zilizotumia mawakala. Waliona kwamba uwakala unaweza kuipa halmashauri mapato ya uhakika zaidi. Lakini waliona pia kuwa halmashauri zilikadiria vibaya mapato yanayoweza kupatikana, mara nyingi kwa kutazama tu makusanyo ya mwaka uliopita. Makadirio yakiwa chini mno, sehemu kubwa ya fedha hubaki kwa wakala, na mkataba wake haujavunjwa hata kidogo!

Kukadiria mapato ya mwalo ni kazi ya sayansi. Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku kwa taa, kwa kuwa huufuata mwanga. Mbalamwezi inapoenea, taa hupoteza mvuto wake na mavuno hupungua. Wavuvi wengi hupumzika siku hizo. Mwezi hukamilisha awamu zake kwa siku 29 na nusu hivi. Chukulia mfano wa kubuni: mwalo mmoja hupata magunia 60 kwa kila usiku katika siku 20 za giza, na magunia 9 katika siku 10 za mwanga. Jumla ni magunia 1,290. Mtaalamu wa muda aliyekuja na kompyuta yake katika juma la mwezi mpevu, akapata wastani wa 9 na kuuzidisha kwa 30, ataandika 270, yaani karibu sehemu moja ya tano ya ukweli. Hesabu yake haina kosa la kuzidisha wala kujumlisha. Aliyefika gizani naye ataandika 1,800.

Pengo hilo ni fedha za zahanati na madarasa. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mapato yakikadiriwa kidogo, fungu hilo nalo hupungua.

Kazi ya muda inaweza kupangwa vema. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 ilitumia makarani wa muda wenye vishikwambi. Kazi ilipokwisha makarani walirudi makwao, navyo vishikwambi vikaelekezwa kwa walimu. Takwimu na wachambuzi wake vilibaki katika Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mkataba wa halmashauri unaweza kudai vivyo hivyo: nywila, kumbukumbu zote na maelezo ya mfumo vikabidhiwe, na mtumishi mmoja wa kudumu afanye kazi bega kwa bega na mgeni tangu siku ya kwanza.

Kuhesabu magunia hakuhitaji mkataba. Wanafunzi wa shule iliyo karibu na mwalo, wakiongozwa na mwalimu wa hisabati, wanaweza kuchagua siku kwa kura, siku mbili katika kila robo ya mwezi, wakaandika idadi ya magunia na umbo la mwezi wa usiku uliotangulia. Baada ya miezi mitatu watakuwa na siku 24 za kuchora katika grafu.