Akiba ya Vitambaa vya Mfarishi kwa Gharama Ndogo

Mfarishi ni tandiko la matabaka matatu, yaani uso uliounganishwa kwa vipande vya vitambaa, ujazo wa pamba au sufi katikati, na kitambaa cha chini, ambayo hushikamanishwa kwa mishono inayoyapenya yote. Kwa kuwa uso huo hutokana na vipande, ni rahisi kudhani kwamba kitambaa chochote kitafaa, na dhana hiyo ndiyo humfanya mshonaji asiye na fedha nyingi ajaze kapu kwa vitu asivyoweza kuvitumia. Akiba nzuri hupimwa kwa ulinganifu wa nyuzi na uzito wa vitambaa, si kwa wingi wake.

Gee's Bend, kijiji cha Alabama nchini Marekani, kinalionyesha jambo hilo waziwazi. Wanawake Weusi wa huko walizoea kushona mifarishi kwa nguo kuukuu za shamba, na mwaka 1972, chama cha ushirika cha washonaji wa eneo hilo, Freedom Quilting Bee, kilichoanzishwa mwaka 1966, kilipopata kazi ya kuishonea kampuni ya Sears foronya za kodrai, yaani kitambaa kizito chenye mistari ya manyoya iliyoinuka, mabaki yake yaligeuzwa mifarishi. Kodrai iliunganishwa na kodrai, na nguo ngumu ya kazi na mwenzake. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji hicho ilionyeshwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston.

Ulinganifu unahitajika kwa sababu pamba ikifuliwa hurudi, yaani hupungua ukubwa, ilhali poliesta haipungui, hivyo vipande vya aina hizo mbili vikishonwa pamoja hukunjamana baada ya kufuliwa. Ili kuzitofautisha, nyuzi chache hushikwa kwa koleo juu ya beseni la maji na kuwashwa moto: pamba hutoa harufu ya karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, na poliesta huyeyuka na kuganda kama ushanga. Kila kitambaa cha pamba kifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kuwekwa akibani, hasa chekundu na cha buluu iliyokolea, ambavyo huchuja rangi.

Mabaki ya fundi cherehani ni rahisi kupatikana, lakini mengi huwa membamba au yamekatwa mshazari, yaani kwa kupindana na nyuzi za mtande na za mshindio, na kipande cha namna hiyo huvutika kinaposhonwa. Mashati ya pamba ya mitumba ni bora zaidi. Mgongo wa shati kubwa lenye upana wa inchi 20 na urefu wa inchi 25 hutoa miraba 20 ya inchi nne na nusu, nusu hiyo ikiwa ya mishono, na mfarishi wa inchi 56 kwa 72 unahitaji miraba 252, hivyo migongo ya mashati 13 hutosha, na mikono ikabaki kwa kazi nyingine.

Katika kuchagua rangi, ukolezi ndio wa kuangaliwa kwanza, yaani weusi au weupe wa rangi ukilinganishwa na jirani yake, kwani vipande vyote vikiwa na ukolezi mmoja, mchoro hupotea hata vikiwa vya rangi kumi. Picha ya simu isiyo na rangi hulidhihirisha hilo mara moja.

Kwa tabaka la chini, doti moja ya khanga za pamba hutosha, kwa kuwa khanga mbili za takriban sentimita 150 kwa 110, zikiunganishwa kwa upande mrefu, hufunika mfarishi uliotajwa na kuacha ziada ya kukunja ukingoni. Pindo mbili zitakutana katikati, jambo ambalo wengine hawalipendi, na majina ya khanga hizo yatabaki yakisomeka kwa yeyote atakayeligeuza tandiko.