Viwavijeshi na Ukoka: Mbinu za Kuchunguza Wadudu Waharibifu wa Nyasi katika Malisho ya Yaeda Chini

Katika vyuo vikuu vya kusini mwa Marekani, ukoka (Cynodon dactylon) huchunguzwa kama nyasi za viwanja vya gofu na bustani, na kiwavi Spodoptera frugiperda huhesabiwa miongoni mwa waharibifu wake wakuu. Katika malisho ya Afrika Mashariki ukoka huohuo huliwa na ng'ombe. Makala haya yanaeleza kwa nini mtafiti anayeelekea Yaeda Chini, wilayani Mbulu, hawezi kuhamisha mbinu za huko bila kuzipima upya.

Kwanza ni suala la jina. Tangu S. frugiperda aripotiwe nchini mwaka 2017, neno "viwavijeshi" hutumika kwa wadudu wawili. Mwenyeji ni Spodoptera exempta, ambaye hula nyasi na nafaka. Mgeni hupendelea mahindi. Tasnifu isiyowatenganisha huchanganya takwimu za shamba na za malisho.

S. exempta wakiwa wachache huwa na rangi ya kijani au kahawia na hujificha kwenye mashina. Wakisongamana huwa weusi na hula hadharani. Sehemu kubwa ya majani huliwa katika hatua mbili za mwisho za ukuaji wa kiwavi, kisha viwavi hujichimbia ardhini na kuwa pupa. Mfugaji anayeuona weusi huo amekwisha kuchelewa. Viwanjani Marekani, mtafiti humwaga maji ya sabuni juu ya eneo dogo lililopimwa ili viwavi wapande juu wahesabiwe. Katika bonde kame mbinu hiyo ni anasa. Fremu ya mita moja ya mraba na vidole vya kupekua mashina vinatosha, mradi kazi ianze mara baada ya mvua za kwanza, si baada ya malalamiko.

Mitego ya nondo inayotumika katika utabiri wa milipuko nchini hunasa madume tu. Haionyeshi mayai yametagwa wapi.

Kwa wafugaji wa Kidatoga hasara si majani pekee. Ng'ombe wamepata kuripotiwa kufa baada ya kula ukoka ulioshambuliwa karibuni, na sianidi iliyomo majanini ndiyo inayoshukiwa. Mwenye kundi anahitaji kujua azuie mifugo kwa siku ngapi. Hilo hupimika kwa sampuli za majani zinazochukuliwa kila siku tangu viwavi watoweke, palepale malishoni.