Eginogi ya dukani au ya nyumbani? Kabla ya kummiminia mtoto, uliza kuhusu yai

Ikifika Novemba, friji za maduka makubwa ya Marekani na Kanada huanza kujaa maboksi ya kinywaji kizito, cheupe kinachoelekea umanjano, chenye harufu ya kungumanga. Ni eginogi: maziwa, krimu, mayai na sukari. Kwa familia nyingi za huko, Krismasi bila kinywaji hicho ni kama Krismasi ya kwetu bila pilau. Mwaka Mpya ukishapita, hutoweka madukani hadi msimu mwingine.

Familia zetu zilizohamia huko nazo zimekizoea. Watoto hukionja shuleni au kwa jirani, wakarudi nyumbani wakikidai. Wakongomani wa Montreal hukikuta kwa jina la Kifaransa lenye maana ya “maziwa ya kuku”, jina la kumchekesha mtoto hata kabla hajaonja. Na mzazi aliyeko Mwanza au Mombasa siku hizi hukutana nacho kwenye simu, katika video fupi za mapishi ya sikukuu: mayai mabichi yanapigwa, yanamiminwa kwenye maziwa baridi, watu wanagonganisha glasi.

Ukiwa na mtoto mdogo nyumbani, simamisha video hapo. Wazazi wengi huuliza kipi bora, cha dukani au cha kutengeneza nyumbani. Ni swali zuri, ila linatanguliwa na jingine: yai lililomo ndani limepikwa?

Wanaofuatilia asili yake wengi huirudisha Uingereza ya zamani, kwenye vinywaji vya maziwa ya moto yaliyochanganywa na mvinyo au pombe ya nafaka. Ilipovuka bahari na kufika makoloni ya Marekani, ilikuta mashamba yenye ng’ombe na kuku, na ramu ya bei nafuu kutoka visiwa vya Karibi. Tangu hapo pombe na eginogi vimekuwa marafiki wa karibu mno. Usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1826, wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point waliingiza wiski kwa siri ili watengeneze eginogi yao. Wakalewa, wakavunja madirisha na samani, na kadhaa wao wakafukuzwa chuo. Pombe tutairudia, kwa sababu hata leo inahusu watoto kuliko tunavyodhani.

Kilichomo kwenye boksi la dukani

Eginogi ya kawaida ya viwandani nchini Marekani hupashwa joto la kuua vijidudu kabla ya kufungwa. Kwenye boksi utaona neno “pasteurized” au “ultra-pasteurized”. Neno hilo ndilo la kutafuta kwanza. Ukiliona, na boksi halijapita tarehe yake, na limekaa kwenye ubaridi tangu dukani hadi kwako, suala la yai limekwisha.

Kuhusu yai lenyewe, usitarajie makubwa. Kanuni za Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, zinataka kinywaji kinachouzwa kwa jina hilo kiwe na angalau asilimia 6 ya mafuta ya maziwa, na yabisi ya kiini cha yai isiyopungua asilimia 1 ya uzito wake. Asilimia moja tu! Uzito unaouhisi mdomoni hutoka kwenye krimu, na mara nyingi kwenye viongeza uzito, kikiwemo kinachotengenezwa kutokana na mwani. Ni mwani wa aina ile ile inayolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani kule Zanzibar na kuuzwa nje kwa kazi hiyo hiyo. Havina ubaya wa kumtisha mzazi, lakini anayedhani anampa mwanawe mlo wa mayai ajue kwamba anampa maziwa ya krimu yenye sukari.

Na sukari ndiyo shida halisi ya boksi. Angalia lebo kwa makini, maana kipimo kinachoandikwa huwa nusu kikombe, yaani kama mililita 120. Ni nani anakunywa nusu kikombe? Katika bidhaa nyingi, nusu kikombe hicho kina sukari karibu gramu 20, sawa na vijiko vitano vya chai. Sehemu yake ni sukari ya asili ya maziwa, lakini iliyo nyingi imeongezwa. Chama cha Moyo cha Marekani kinashauri mtoto wa miaka 2 hadi 18 asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na aliye chini ya miaka 2 asipewe kabisa. Glasi moja iliyojaa inakaribia kuimaliza siku, na bado keki haijakatwa.

Dawa yake ni rahisi: changanya nusu eginogi, nusu maziwa ya kawaida. Watoto wengi hawatambui tofauti, na kusema kweli hata mimi naipenda hivyo zaidi, kwa sababu ile ya boksi peke yake hukwama kooni.

Nyumbani, hatari iko ndani ya ganda

Faida ya kutengeneza mwenyewe ni kwamba unajua ulichoweka. Sukari unaipima wewe, maziwa unayachagua wewe, na mayai yanakuwa mayai kweli. Hasara ni kwamba mapishi mengi ya zamani, na mengi yanayozunguka kwenye simu, hayapiki chochote.

Bakteria wa salmonela hawakai juu ya ganda tu. Kuku aliyeambukizwa anaweza kutaga yai zuri, safi, lisilo na ufa, lenye bakteria ndani tayari, kwa kuwa waliingia kabla ganda halijaundwa. Kuliosha hakusaidii. Kulinusa hakusaidii. Si kila yai lina tatizo, tena mengi hayana, lakini eginogi huchanganya mayai sita au zaidi kwenye bakuli moja. Moja likiwa na bakteria, bakuli zima limeambukizwa, na wote wanaoteka humo wamo hatarini: bibi, mjamzito, na mtoto wa miaka mitatu.

Wengi hujiliwaza kwamba pombe inaua vijidudu. Kuna kisa cha kweli kinachopenda kutajwa hapa. Rebecca Lancefield, mwanasayansi mashuhuri aliyeyapanga makundi ya bakteria wa streptokoka, alikuwa na eginogi yake yenye pombe nyingi katika maabara ya Rockefeller mjini New York, ambayo ilikaa kwenye baridi kwa wiki kadhaa kabla ya kunywewa. Miaka mingi baadaye watafiti wa hapo hapo waliitia salmonela makusudi wakaipima. Bakteria walikwisha, lakini baada ya wiki tatu hivi. Wiki tatu, na pombe nyingi! Anayemimina ramu kidogo saa kumi na kuandaa meza saa kumi na mbili hajaua kitu, na FDA yenyewe inaonya kwamba pombe si ya kutegemewa kwa kazi hiyo. Baridi ya friji nayo huwazuia bakteria wasizaliane haraka, haiwaui.

Walioko Uingereza watasema kwao hali ni tofauti, na ni kweli. Tangu Oktoba 2017 wakala wa viwango vya chakula wa nchi hiyo umeruhusu hata watoto wachanga na wajawazito kula mayai yasiyoiva, mradi yawe na muhuri wa simba, kwa sababu kuku wanaoyataga huchanjwa dhidi ya salmonela na mashamba yao hufuatiliwa. Ruhusa hiyo ni ya mayai hayo tu. Trei unayonunua Kariakoo au Gikomba haina muhuri huo, kwa hiyo usiazime ruhusa ya Uingereza kwa yai la huku. Hili liwafikie pia wale wanaowanywesha watoto yai bichi kwenye maziwa au chai kwa imani kwamba linaongeza nguvu. Yai lililoiva lina protini ile ile, na mwili huifaidi vizuri zaidi.

Namna ya kuipika

Aliyewahi kupika kastadi ameshamaliza nusu ya kazi. Chukua mayai sita, maziwa lita moja, sukari nusu kikombe, chumvi robo kijiko cha chai na vanila kijiko kimoja cha chai. Mimi sukari huishusha hadi theluthi moja ya kikombe, na haijawahi kurudishwa mezani.

Piga mayai na sukari na chumvi kwenye sufuria hadi yachanganyike, kisha ongeza nusu ya maziwa huku ukikoroga. Weka kwenye moto mdogo na usiondoke. Koroga polepole ukigusa chini ya sufuria mpaka mchanganyiko ufike nyuzi joto 71 za Selsiasi, ambazo kwenye vipimajoto vya Marekani ni 160. Kipimajoto cha chakula si ghali kwenye maduka ya huko, na kwa kazi hii nakishauri kuliko macho. Ukikosa, angalia mchanganyiko unavyoganda kwenye mgongo wa kijiko cha chuma: ukipitisha kidole, mstari ubaki bila kufunikwa. Usiache uchemke, utapata mayai ya kuvuruga kwenye maziwa. Yakitokea mabonge machache, chuja.

Ukishaepua, ongeza maziwa yaliyobaki na vanila, kisha ipoze haraka kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji ya barafu, na uiingize kwenye friji. Krimu ni hiari. Kama maziwa yako ni yale ya kupimiwa mtaani, lita nzima ichemshwe kwanza na kupoa kabla ya kuanza. Maziwa mabichi yana vijidudu vyake visivyosubiri yai.

Kuna mapishi yanayomalizia kwa kupiga ute wa mayai mabichi hadi utoe povu na kuuweka juu. Unapendeza kwenye picha. Ukiutaka lazima, nunua mayai yaliyopashwa joto la kuua vijidudu yakiwa bado kwenye ganda, yapo katika baadhi ya maduka ya Marekani na boksi lake huandikwa hivyo. Vinginevyo uache.

Kungumanga ndiyo inayoipa eginogi harufu yake, na mtu wa pwani akiisikia hukumbuka mashamba ya viungo ya Unguja. Ikwangue kidogo juu ya glasi, iwe ya kunusa tu. Ikizidi, kuanzia vijiko kadhaa vya chai, kungumanga ni sumu: huleta kichefuchefu, moyo kwenda mbio na hata kuona visivyokuwepo. Usimwachie mtoto kopo lake.

Majagi mawili kwenye meza moja

Nilisema tutairudia pombe. Eginogi yenye pombe na isiyo nayo zinafanana rangi, uzito na harufu. Dukani, baadhi ya chupa za eginogi huja na pombe tayari, na lebo zake zina picha zile zile za theluji na utepe mwekundu. Soma kama kuna asilimia ya kilevi kabla ya kulipa. Kwenye sherehe, pombe isiingie kwenye jagi kabisa: anayeitaka ajiongezee kwenye glasi yake, na glasi zisiachwe juu ya meza ndogo ambapo mkono wa mtoto unafika. Mtoto mdogo hulevywa na kiasi kidogo sana, na kwake kilevi kinaweza kushusha sukari ya damu hadi hatari.

Aliye chini ya miaka miwili asipewe eginogi ya aina yoyote, wala mwenye mzio wa mayai au maziwa. Kuna pia watoto, na watu wazima wengi wa asili ya Afrika, ambao tumbo huwavuruga kwa sukari ya maziwa. Hao waweza kuandaliwa kinywaji cha Krismasi cha Puerto Rico kiitwacho coquito, kinachotengenezwa kwa tui la nazi na mdalasini. Toa ramu, na weka tui peke yake mahali pa maziwa mazito ya kopo. Hakikisha tu kwamba mapishi uliyoyapata hayana viini vya mayai, kwa sababu mengine huwa navyo.

Kama unaniuliza mimi, ya nyumbani iliyopikwa inashinda, hasa kwa watoto, kwa ajili ya sukari. Lakini mama anayetoka zamu ya usiku ghalani saa moja asubuhi ya Desemba 24 asione haya kununua boksi na kulizimua kwa maziwa. Ya tatu, ya nyumbani isiyopikwa, ndiyo isiyo na nafasi kwenye nyumba yenye watoto.

Iliyopikwa nyumbani hudumu kwenye friji siku 2 hadi 4, na boksi lililofunguliwa siku 3 hadi 5. Ikikaa mezani zaidi ya saa mbili, imwage hata kama inauma.

Mtoto akiwa tayari amekunywa yenye yai bichi, usimtapishe. Mwangalie. Dalili za salmonela huanza kati ya saa 6 na siku 6: kuhara, homa, tumbo kunyonga. Wengi hupona wenyewe ndani ya wiki, kinachohitajika ni kumpa vinywaji mara kwa mara na ORS, bila dawa za kuzuia kuhara. Ila mpeleke hospitali mara moja ukiona damu kwenye choo, homa inayopita nyuzi 38.9, macho yaliyodidimia, mdomo mkavu, mkojo uliopungua, au mtoto amelegea. Ukifika, mwambie daktari alikunywa nini na siku gani, hata kama zimepita siku tano.