Makapimlo katika Lishe ya Mgonjwa Anayelishwa kwa Mpira

Wapo wagonjwa ambao, baada ya kiharusi, jeraha la kichwa au maradhi ya koo, hawawezi tena kumeza. Wengine hurejeshwa nyumbani wakiwa na mpira wa kulishia uliopitishwa puani au moja kwa moja tumboni, na kazi ya kuwalisha hubaki mikononi mwa familia. Swali ambalo huzisumbua familia hizo ni iwapo makapimlo, yaani nyuzinyuzi za matunda, mboga, kunde na nafaka zisizokobolewa, humsaidia mgonjwa anayecheua au humwongezea taabu.

Kati ya umio na tumbo upo msuli unaofunga mithili ya mlango. Msuli huo ukilegea, chakula na asidi hupanda juu. Mtu mwenye afya huhisi kiungulia tu, lakini kwa mgonjwa asiyeweza kumeza wala kukohoa vizuri, kinachopanda chaweza kuingia mapafuni na kusababisha nimonia ya kutishia uhai.

Makapimlo ni ya aina mbili. Yale yanayoyeyuka katika maji, kama pektini iliyomo katika ubuyu, mapera na machungwa, hukifanya chakula kuwa kizito, na chakula kizito hakipandi kwa urahisi. Utafiti mdogo uliofanywa Japani na kuchapishwa mwaka 2008 ulionesha kuwa kucheua kulipungua kwa watoto wenye mtindio wa ubongo pale chakula chao cha mpira kilipoongezwa pektini ya kutosha. Aina ya pili, kama pumba na maganda ya kunde, haiyeyuki, bali huongeza kinyesi na kusaidia choo kupatikana. Faida hiyo nayo inahusu kucheua, kwa kuwa tumbo lililojaa choo hukandamiza chakula kurudi juu.

Hata hivyo, makapimlo yakizidi hujaza gesi, na bila maji ya kutosha huweza kufunga choo badala ya kukifungua. Chembechembe zake pia huziba mpira. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, lakini huo ni ushauri kwa watu wote kwa jumla. Kiasi kinachomfaa mgonjwa wa mpira hupangwa na daktari au afisa lishe, na huongezwa kidogo kidogo. Familia isimwongezee mgonjwa pumba, unga wa ubuyu wala juisi nzito kwa kukisia.

Aidha, makapimlo hayachukui nafasi ya ulishaji sahihi. Mgonjwa huinuliwa kichwa na kifua kwa digrii 30 hadi 45 wakati wa kulishwa, na hubaki hivyo kwa dakika 30 hadi 60 baadaye. Chakula kilichosagwa huchujwa vizuri na kupitishwa polepole, bila kusukumwa kwa nguvu. Mpira husafishwa kwa maji safi na salama kabla na baada ya mlo, kwa kiasi alichoelekeza mtoa huduma.

Ulishaji usimamishwe mara moja na mgonjwa afikishwe kituo cha afya au hospitali endapo atakohoa au kupumua kwa shida, kutapika, kuvimba tumbo au kupata homa. Mpira uliochomoka usirudishwe na mtu asiyefundishwa. Ule wa tumboni hushughulikiwa kwa haraka zaidi, kwa sababu tundu lake huweza kuanza kuziba ndani ya saa chache.

Wananchi wenye mgonjwa wa aina hii wanashauriwa kumwarifu mhudumu wa afya ngazi ya jamii au kufika katika zahanati iliyo karibu ili waunganishwe na afisa lishe wa halmashauri. Wanapokwenda, wachukue orodha ya vyakula anavyopewa mgonjwa, kiasi cha maji, saa za kulishwa na siku alizopata choo, kwani taarifa hizo ndizo huonesha kama mgonjwa anahitaji makapimlo zaidi, pungufu, au mlo wa polepole tu.