Ubaguzi wa Rangi Michezoni: Mchezaji Anaposema na Anaponyamaza

Katika mazungumzo na vijana wa kata ya Ramadhani, mjini Njombe, liliulizwa swali ambalo wengi wetu tulidhani limekwisha jibiwa zamani. Mwaka 1976 Filbert Bayi ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1,500. Kwa nini hakukimbia katika Olimpiki ya Montreal? Mzee mmoja akajibu upesi kwamba ni kwa sababu ya Makaburu. Kijana hakuridhika. Akasema Makaburu hawakuwepo Montreal, kwani walikwisha fukuzwa katika Olimpiki tangu mwaka 1970. Waliokwenda kucheza nao ni timu ya raga ya New Zealand, na raga wakati huo haikuwa mchezo wa Olimpiki. Sasa Bayi, mkimbiaji kutoka Karatu, alihusikaje na raga?

Swali hilo si la kubezwa. Wakubwa wa Olimpiki walilitoa hoja hiyo hiyo mwaka 1976, na wapo wanaoitoa hata leo wanaposema kwamba siasa isiingizwe michezoni. Ili kulijibu sawasawa hatuna budi kuanza mbali kidogo, katika mchezo ambao vijana wengi wa Njombe na Makambako hawajauona ukichezwa, yaani kriketi, na katika maisha ya mtu mmoja aliyeitwa Basil D'Oliveira.

D'Oliveira alizaliwa Cape Town mwaka 1931. Chini ya sheria ya mwaka 1950 ya kuwaandikisha watu kwa rangi zao, yeye aliwekwa katika kundi la machotara. Kwa hiyo rangi yake ndiyo iliyoamua wapi ataishi na uwanja gani atacheza. Alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji. Siku za mapumziko alicheza kriketi katika viwanja vya mabonde na mawe, ambavyo wachezaji wenyewe walivisawazisha na kutandika mkeka kabla ya mchezo kuanza. Katika uwanja mzuri wa Newlands aliruhusiwa kuingia kama mtazamaji tu, akae katika sehemu iliyotengwa, ambayo watu waliiita kizimba. Wasiokuwa Wazungu waliokaa humo walikuwa na desturi ya kushangilia timu ya wageni.

Lazima ieleweke kwamba katika nchi hiyo siasa haikusubiri kuingizwa michezoni na watu wa nje. Mwezi Juni 1956 waziri wa serikali ya Makaburu, Dönges, alitangaza wazi kwamba Wazungu na wasiokuwa Wazungu watacheza mbalimbali, na kwamba timu za kigeni zitakazozuru nchi hiyo sharti zifuate desturi hiyo. Timu iliyoitwa ya taifa ilikuwa ya Wazungu watupu. Ilicheza na Uingereza, Australia na New Zealand. Na West Indies, India wala Pakistani haikucheza nazo hata mara moja mpaka ubaguzi ulipokuwa unavunjika. Anayesema siasa isiingizwe michezoni angepaswa kuwaendea kwanza waliotunga taratibu hizo.

Wanyonge walijiundia chama chao cha kriketi na timu yao, na D'Oliveira akawa nahodha wake. Hapa Afrika Mashariki inaingia katika habari hii. Mwaka 1956 timu ya Waasia wa Kenya ilikwenda Afrika Kusini kushindana na timu ya D'Oliveira, na mwaka 1958 yeye akaiongoza timu yake kuja kucheza Kenya. Hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwake kuliongoza kundi la wenzake nje ya mipaka ya nchi yao. Lakini tusijisifu mno. Kenya ya wakati huo nayo ilikuwa koloni, na kriketi yake ilikwenda kwa rangi: tangu mwaka 1910 kulikuwa na mechi ya maofisa wa serikali dhidi ya walowezi, na tangu miaka ya thelathini kukawa na mechi ya Wazungu dhidi ya Waasia. Mwafrika alikuwa nje ya kamba, akiokota mipira na kukata nyasi. Huo ndio urithi uliofanya mchezo huu uonekane mpaka leo kuwa si wetu, ingawa mwaka 2025 timu ya Tanzania ya vijana chini ya miaka 19 ilifuzu kucheza Kombe la Dunia.

Mwaka 1959 timu ya West Indies, chini ya Frank Worrell, mtu mweusi, ilikuwa imekubali kuzuru Afrika Kusini na kucheza na wasiokuwa Wazungu peke yao. D'Oliveira aliingoja kwa hamu. Wenye msimamo wa kisiasa miongoni mwa watu wake mwenyewe waliipinga ziara hiyo, wakisema kwamba kuja na kucheza katika kambi iliyotengwa ni kuukubali utengano. Ziara ikafutwa. Kwa mchezaji aliyekuwa anakaribia miaka thelathini, hilo lilikuwa pigo kubwa. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba waliopinga walikuwa na haki. Lakini haki yao ililipiwa na mtu ambaye hakuwa na kosa, na jambo hilo tutalikuta tena mbele.

Hatimaye D'Oliveira alimwandikia barua mtangazaji wa Kiingereza, John Arlott, akiomba msaada wa kupata klabu. Klabu ya Middleton, katika ligi ya Lancashire ya kati, ikamkubali kwa paundi 450 kwa msimu. Nauli ilichangwa na majirani na wapenzi wa mchezo huko Cape Town. Aliwasili Uingereza siku za mwanzo za Aprili 1960, muda mfupi tu baada ya mauaji ya Sharpeville ya tarehe 21 Machi. Inasimuliwa kwamba alipofika alitafuta milango ya watu wa rangi yake, akashangaa kuikosa. Katika msimu wake wa kwanza alimaliza akiwa na wastani mkubwa zaidi katika ligi hiyo, akimpita hata Garfield Sobers. Aliwaficha Waingereza umri wake, akajipunguzia miaka, maana alijua kwamba wakijua ukweli watasema amezeeka. Miaka yake bora ilikuwa imeliwa na ubaguzi. Alichofanya ni kujirudishia michache kwa ujanja.

Mwaka 1964 alijiunga na Worcestershire, na mwaka 1966 akachezea Uingereza kwa mara ya kwanza. Sasa sikiliza yaliyotokea mwaka 1968. Timu ya Uingereza ilipangiwa kuzuru Afrika Kusini mwishoni mwa mwaka huo chini ya klabu ya MCC. Mwezi Machi, ujumbe kutoka kwa Vorster, Waziri Mkuu wa Makaburu, ulifikishwa kwa viongozi wa MCC kwa mkono wa Lord Cobham: D'Oliveira akiwemo, ziara haitakuwepo. Viongozi hao waliufanya siri. Katikati ya mwaka mtu mmoja wa kampuni ya tumbaku alimjia D'Oliveira na kazi ya kufundisha kriketi Afrika Kusini, kwa paundi 4,000 kwa mwaka kwa miaka kumi, kwa sharti kwamba atangaze mapema kuwa hataki kuteuliwa. Kwa mtu aliyetoka katika kiwanda cha uchapaji hizo zilikuwa fedha nyingi mno. Alikataa.

Mwezi Agosti, katika mechi ya mwisho dhidi ya Australia uwanjani Oval, alipewa nafasi kwa sababu mwenzake aliumwa. Alipata mikimbio 158. Siku chache baadaye majina ya timu ya ziara yakasomwa, jina lake halimo. Wateuzi walisema ni sababu za kimchezo tu. Wananchi wa Uingereza wenyewe walipiga kelele, wanachama kadhaa wa MCC wakajiuzulu. Kisha mchezaji mmoja, Tom Cartwright, akajitoa kwa kuumia, na tarehe 16 Septemba D'Oliveira akateuliwa badala yake. Kesho yake Vorster alisimama Bloemfontein na kutamka kwamba hiyo si timu ya MCC bali ni timu ya wapinga ubaguzi, na kwamba haitapokelewa. Tarehe 24 Septemba ziara ikafutwa.

Ni dhahiri basi nani aliyeingiza siasa. Mtu mmoja alipiga mpira vizuri kwa siku moja na nusu, na dola zima likatetemeka. Kwa nini litetemeke? Kwa sababu msingi wa ubaguzi ulikuwa uongo kwamba mtu asiyekuwa Mzungu ni duni kwa maumbile. Uwanja wa michezo ni moja ya mahali pachache ambapo uongo huo hupimwa hadharani, kwa hesabu, mbele ya maelfu ya watu. Mikimbio 158 haibishaniwi. Ndiyo maana ilikuwa lazima D'Oliveira asionekane Newlands akiwa ndani ya uwanja, huku watu wake wakimwangalia kutoka kizimbani.

Lakini D'Oliveira mwenyewe alisema nini? Hapa hatuna budi kuwa wakweli. Alisema machache. Alikuwa mtu mpole, aliyetaka kucheza kriketi, na katika miezi yote hiyo hakupanda jukwaani. Wapo wapiganaji wa Afrika Kusini waliomlaumu kwa ukimya huo, nao walikuwa na sababu. Waliosema kwa sauti ni wengine: David Sheppard, nahodha wa zamani wa Uingereza aliyekuwa kasisi, ambaye Desemba 1968 aliwakabili wakubwa wa MCC katika mkutano wa wanachama akapigiwa kura akashindwa, na baadaye kijana Peter Hain, mzaliwa wa Nairobi, mtoto wa wazazi wapinga ubaguzi wa Afrika Kusini, aliyeongoza maandamano ya kuzuia ziara ya Makaburu nchini Uingereza mwaka 1970. Baraza Kuu la Michezo la Afrika, lililoundwa Bamako mwaka 1966, likatoa onyo: timu ya Makaburu ikitua Uingereza, Waafrika hawatakwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwezi Mei ziara hiyo ikafutwa. Waafrika wakaenda Edinburgh, na Kipchoge Keino wa Kenya akashinda mita 1,500.

Ushindi wa 1970 ndio unaotupa jibu la kijana wa Ramadhani. Silaha ya kugoma ilifanya kazi kwa sababu aliyetishiwa alikuwa ni yule anayewapa Makaburu heshima. Makaburu wenyewe hawakuwa na kitu cha kupoteza Edinburgh. Uingereza ilikuwa nacho. Mwaka 1976 hesabu ilikuwa ile ile. Tarehe 16 Juni watoto wa shule walipigwa risasi Soweto. Wiki hizo hizo timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikienda na kuanza ziara yake huko huko. Afrika ikadai New Zealand iondolewe Montreal, ikakataliwa, nchi zaidi ya ishirini zikabaki nyumbani, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kutangaza. Tarehe 14 Julai reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi, na tarehe 17 Julai Olimpiki ikafunguliwa. Siku tatu tu. Mtu wa Makambako, anayeiona treni ikipita stesheni yake, anajua kwamba kilometa 1,860 za reli zilijengwa ili Zambia isilazimike kupitisha shaba yake kwa wabaguzi. Kugoma Montreal kulikuwa kazi ya namna ile ile.

Hata hivyo, gharama ya reli iligawanywa kwa taifa zima; gharama ya Montreal ilimwangukia zaidi mtu mmoja. Bayi aliweka rekodi yake Christchurch, Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akikimbia mbele tangu mwanzo, na aliyemfuata alikuwa John Walker wa New Zealand. Dunia nzima ilingoja wakutane tena. Walker alikwenda Montreal akashinda dhahabu. Bayi alipata medali ya Olimpiki miaka minne baadaye, Moscow, ya fedha, katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Tunapofundisha habari hii tusiwe wepesi wa kusema kwamba taifa lilijitolea, tukaishia hapo.

Fedha nazo zilikuwa na nguvu zake. Mwaka 1982 wachezaji wa Uingereza chini ya Graham Gooch walikwenda kwa Makaburu kwa malipo manono, wakafungiwa miaka mitatu. Mwaka 1983 walikwenda wachezaji weusi wa West Indies, nao wakafungiwa maisha nyumbani kwao, ingawa adhabu hiyo iliondolewa baadaye. Wengi wao hawakuwa na ajira ya uhakika. Vivian Richards aliahidiwa fedha nyingi akakataa. Lakini Richards alikuwa tayari tajiri wa jina na kazi. D'Oliveira alikataa akiwa hana hakika ya kesho. Pengine huko ndiko tukaitafute kauli yake.

Afrika Kusini ilirudi katika kriketi ya kimataifa Novemba 1991. D'Oliveira alifariki Novemba 2011, na kombe linaloshindaniwa na Uingereza na Afrika Kusini lina jina lake. Mtu angedhani mambo yamekwisha. Makhaya Ntini, Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea Afrika Kusini mechi kubwa za siku tano, aliingia timu mwaka 1998, akacheza mechi 101 za namna hiyo na kuangusha wiketi 390. Mwaka 2020, miaka kadhaa baada ya kustaafu, ndipo alipoeleza hadharani upweke wake: hakuna aliyembishia hodi waende kula chakula cha jioni, na wenzake walipanga mipango mbele yake kama hayupo. Alipokaa nyuma ya basi, wao walikwenda mbele. Alipokaa mbele, walihamia nyuma. Basi akazoea kumkabidhi dereva mfuko wake asubuhi na kukimbia kwa miguu kutoka hotelini mpaka uwanjani, na jioni kurudi vivyo hivyo. Watazamaji waliomwona barabarani walimsifu kwa mazoezi.