Soma Hati ya Bima Kabla Rweya Haijakauka
Nyumba yangu Kamachumu, Muleba, inapakana na rweya, uwanda wa nyasi. Juni hadi Agosti nyasi hukauka. Mtu akizichoma zichipue upya, upepo ndio huamua moto uende wapi. Basi mwezi Mei naisoma hati ya bima, hasa thamani iliyoandikwa. Nyumba ya shilingi milioni 40 ukiikatia bima ya milioni 20, hasara ya milioni 10 yaweza kulipwa milioni 5 tu, kwa kuwa umekatia nusu ya thamani.

Kisha natafuta neno tetemeko. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitikisika Bukoba kwa kipimo cha 5.9, kuta za matofali zikabomoka. Bima ya moto pekee mara nyingi haihusishi janga hilo. Nimelipia nyongeza ya tetemeko, nayo imo kwa maandishi. Picha za kila chumba, ushahidi wa kudai fidia, anazitunza dada yangu, Bukoba mjini.